Maswali Yenu: Kuifuata Ngano kutoka Texas hadi Montana

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu ile misimu 6 niliyoishi barabarani nchini Marekani na familia inayovuna ngano za watu. Sikutegemea barua zingekuwa nyingi hivi. Nimezisoma zote, na leo najibu sita.

Kwa aliyekosa toleo lile: kuna watu wenye kombaini (mashine za kuvuna nafaka), malori na matrekta, lakini mashamba wanayovuna si yao. Wanaanza kusini, ambako ngano hukauka mapema, kisha wanapanda nayo kaskazini kadiri inavyoiva, mji kwa mji, hadi karibu na mpaka wa Kanada. Nyingi ya kazi hizi ni za kifamilia: babu, mwanawe, mkwe, wajukuu, na vijana wachache wa kuajiriwa. Mimi nilizaliwa Mau Narok, Kenya. Baba yangu alikuwa akifunga magunia juu ya kombaini za zamani, zile ambazo mtu alisimama pembeni akipokea nafaka kwenye gunia huku mashine inatembea. Kwa hiyo vumbi la ngano nililijua kabla sijajua kusoma. Mume wangu alichukuliwa kuendesha lori la nafaka. Mimi nilichukuliwa kupika, au ndivyo nilivyodhani.

*Mume wangu ni dereva wa malori. Familia moja ya wavunaji imempa kazi kuanzia Mei hadi Agosti na inasema anaweza kuja nasi. Watoto wana miaka 6 na 9. Tutalala wapi? Na mimi nitakuwa nani huko? Naogopa kuwa mzigo. — Mama wa wawili, Dallas, asili yangu Eldoret*

Dada yangu, hilo neno "mzigo" liache hapo hapo Dallas.

Mtalala kwenye nyumba ya trela, inayovutwa na pikapu. Yetu ilikuwa na kitanda cha wakubwa upande wa mbele, vitanda viwili vya watoto vya juu kwa juu upande wa nyuma, na katikati jiko la gesi, sinki na meza inayokunjuka ikawa kitanda. Mnaegesha uani kwa mwenye shamba, au kwenye uwanja wa maonyesho wa wilaya, au kwenye kambi za watu wenye trela. Mkifika mahali, uliza mambo matatu kabla hujashuka: maji yako wapi, umeme uko wapi, maji taka yanamwagwa wapi. Kuna miji utapata yote matatu na kuna miji utapata moja.

Sisi tulianza karibu na Wichita Falls, Texas, wiki ya mwisho ya Mei. Tukavuka Oklahoma. Katikati ya Juni tulikuwa Kiowa, kusini kabisa mwa Kansas, mwanzoni mwa Julai, Colby, magharibi mwa jimbo hilo hilo, kisha Sidney, Nebraska, mwisho wa Julai Onida, South Dakota, Agosti Montana. Tarehe hizo usizikate kauli, maana jua na mvua ndivyo vinavyopanga. Shule nyingi za Kansas hufunguliwa katikati ya Agosti, kwa hiyo mimi na mama mwenye kazi, yaani mke wa mzee mwenye mashine, tulikuwa tukirudi huko na watoto, wanaume wakabaki kumalizia.

Siku ya kuhama ndiyo itakayokuchosha. Kombaini inapandishwa kwenye trela la chini. Kile kisu kikubwa cha mbele, chenye upana wa futi 40, kinafunguliwa na kuwekwa juu ya trela lake chenyewe. Vibao vya kuonya kwamba mzigo ni mpana vinafungwa. Msafara unaondoka alfajiri. Mwanamke mara nyingi ndiye anayevuta nyumba. Mwaka wa kwanza nilisahau kukaza komeo la friji. Tulipofika Oklahoma maziwa, mayai na mchuzi wa watu 12 vilikuwa sakafuni, na jua limeshavipika. Tangu siku ile nafunga milango ya makabati kwa mpira, mayai naweka ndani ya sinki juu ya taulo, na sufuria kubwa inasafiri kitandani imezungushiwa blanketi.

Sasa kuhusu utakuwa nani. Ngano haikatwi alfajiri, kwa sababu umande unalainisha mabua. Saa 4 asubuhi hivi mzee mwenye kazi anatembea shambani, anasugua suke viganjani, anapuliza makapi, anatia punje mdomoni na kuuma. Ikilia kama kokoto, kazi inaanza. Itaendelea hadi saa 5 usiku, pengine saa 6, mpaka umande urudi. Katikati ya hapo watu 12 wanatakiwa kula mara mbili bila kutoka shambani. Cha mchana unakifunga kwenye visanduku, kimoja kimoja, jina juu. Cha jioni kinakwenda kikiwa cha moto. Wakati huo huo beringi inaweza kupasuka, na duka la vipuri liko kilomita 90. Atakwenda nani? Wewe, maana kila mwingine yuko juu ya mashine. Nimeendesha pikapu mara nyingi nikiwa na namba ya kipuri nimeiandika kwa kalamu mkononi, mtoto mmoja amelala, mwingine anauliza tutafika lini. Nguo unafua wewe. Na usiku, wenzako wakishalala, kuna zile tiketi za mizani. Kila lori linapopeleka ngano ghalani hupimwa likiwa na mzigo, kisha hupimwa tupu, na dereva hupewa kikaratasi. Vikaratasi hivyo ndiyo mshahara wa kikosi kizima. Mtu lazima avikusanye kutoka kwenye dashibodi na mifuko ya suruali, avipange kwa shamba na kuviandika daftarini. Nilivipata vingine ndani ya mashine ya kufulia vikiwa uji.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika barua yangu yote. Msimu wa kwanza nilifanya kazi hiyo yote kama "mke wa dereva". Hakuna aliyenidhulumu kwa makusudi. Hawakuwahi kulitaja, nami nikaona haya kulitaja. Agosti mume wangu akapokea hundi yake, mimi nikapokea asante na keki. Nililia kwenye gari kutoka Montana hadi tulipoingia Wyoming. Kabla ya msimu wa pili nilikaa mezani na mama mwenye kazi nikamwambia: nitakuja, lakini nataka malipo yangu yatajwe kwa jina langu. Alinyamaza kitambo, akasema yeye mwenyewe amepika miaka 20 kwenye msafara wa baba mkwe wake na hakuwahi kuuliza. Tukaandika. Msimu ule yeye pia alijiandikia mshahara.

Basi, dada, kabla hujafunga mizigo, yasemwe: unapika milo mingapi, unaendesha gari gani, bima iko kwa nani, unalipwa kiasi gani na lini. Na hakikisha karatasi zako zinakuruhusu kufanya kazi.

*Shikamoo… au niseme marahaba, sijui tumeachana miaka mingapi. Binti yangu ameolewa huko na familia ya kazi hiyo. Wajukuu wangu wanakaa mashambani kati ya mashine. Sipati usingizi. — Bibi, Mombasa*

Shikamoo, bibi. Mimi ni mdogo wako.

Hofu yako ina haki yake, na sitakuambia hakuna hatari. Sisi tulikuwa na sheria chache ambazo mtoto alizikariri kabla ya kupanda pikapu. Haingii kwenye ngano iliyosimama, kwa sababu dereva wa kombaini hamwoni mtoto aliyefunikwa na masuke. Hapandi ndani ya lori la nafaka hata kwa mchezo: ngano inapofunguliwa chini humeza mtu kama matope, na mtu mzima mwenye nguvu hawezi kumvuta. Hasimami nyuma ya gari lolote. Akitaka kupanda kombaini na babu yake, anasubiri mashine isimame na babu amwite kwa mkono. Kiti cha pili kipo ndani, na watoto hulala humo fofofo, kichwa kimeegemea kioo.

Kilichonitia hofu kweli ni moto. Mwezi wa saba, magharibi mwa Kansas, upepo mkali, mabua makavu kama karatasi. Beringi moja ilipata joto, makapi yakashika. Nilikuwa nimefika na chakula cha jioni. Niliona kwanza moshi mwembamba, mweupe, kama wa mtu anayewasha jiko, kisha sauti ya mzee kwenye redio, neno moja: moto. Mama mwenye kazi hakusema kitu. Alibeba watoto wanne akawarusha nyuma ya pikapu, nikaendesha hadi kwenye shamba jirani lililolimwa, udongo mtupu, mahali ambapo moto hauna cha kula. Tulikaa pale tukitazama. Dereva alikuwa ameitoa kombaini kwenye ngano na kuisogeza juu ya mabua mafupi, vijana wakamwaga maji ya tangi. Ndani ya muda mfupi nikaona vumbi barabarani pande zote: majirani wanakuja na matrekta na haro, hakuna aliyewapigia simu, wameona moshi tu. Wakalima mkanda kuuzunguka moto. Ziliungua ekari chache na mpira mmoja wa trekta. Watoto walikula chakula kikiwa baridi wakiwa wamekaa juu ya udongo, na mwanangu mdogo akauliza kama wale wajomba wa matrekta nao watapata sahani. Walipata.

Tangu siku ile kila jioni mashine inapulizwa makapi kwa upepo wa kompresa, na mtu anapita na mkono karibu na kila beringi kusikiliza joto. Muulize binti yako kama wao hufanya hivyo. Akikuambia ndiyo, lala bibi.

*Nimeendesha kombaini Narok miaka 4. Kuna wakala anasema atanipeleka Marekani kuvuna ngano, nimlipe kwanza "ada ya nafasi". Nimlipe? — Kijana, Narok*

Usimlipe. Mwanangu, soma hili mara mbili. Viza inayotumika kwa kazi za msimu za kilimo Marekani inaitwa H-2A. Sheria yake inamkataza mwajiri na wakala wake kumtoza mfanyakazi ada ya kumpatia kazi. Mwajiri pia anatakiwa kukupa makazi bila malipo na mkataba wa maandishi katika lugha unayoielewa. Anayekuomba pesa kwa ajili ya nafasi ameshakuonyesha alivyo.

Kwenye mashine tulifanya kazi na vijana wa Afrika Kusini na wa Ireland, kwa hiyo kutoka mbali si tatizo. Mzee wetu hakuuliza mtu amewahi kuendesha mashine ya mwaka gani. Alimpa ufunguo na bomba la grisi, akatazama kama ataanza na ufunguo au na grisi.

*Mimi nina ekari 200 za ngano na nakodi kombaini kila mwaka. Tunabishana bei kila mwaka. Wao huko wanahesabuje? Na kwa nini mkulima tajiri wa Marekani asinunue mashine yake? — Mkulima, Mau Narok*

Jirani yangu wa nyumbani! Nitakueleza kwa hesabu, maana hili ndilo jambo ningependa lije kwetu.

Wao wanataja bei kwa namba tatu. Tuseme 25-25-25. Namba ya kwanza ni dola kwa ekari: dola 25, shamba lizae lisizae. Ya pili ni senti kwa kila busheli inayozidi busheli 20 kwa ekari. Ya tatu ni senti kwa kila busheli inayosafirishwa hadi ghalani. Busheli ya ngano ni pauni 60, yaani kilo 27 na kidogo. Gunia letu la kilo 90 ni busheli 3 na theluthi.

Chukua ekari iliyotoa busheli 50, ambayo ni kama magunia 15. Ekari yenyewe dola 25. Busheli zilizozidi 20 ni 30, mara senti 25, dola 7.50. Kusafirisha busheli 50, dola 12.50. Jumla dola 45. Sasa chukua ekari iliyopigwa na ukame ikatoa busheli 18. Dola 25, hakuna ziada, na dola 4.50 za kusafirisha: dola 29.50. Unaona? Mwaka mzuri mvunaji anapata zaidi kwa sababu mashine imemeza zaidi. Mwaka mbaya mkulima halipi kama wa mwaka mzuri, na mvunaji bado ana pesa ya mafuta. Bei yetu ya kulipa kwa ekari tu inamfanya dereva akimbie, na anapokimbia punje zako zinatoka nyuma pamoja na makapi. Ukitaka kujua kama amekuibia bila kukusudia, piga magoti nyuma ya mashine, futa mabua, hesabu punje zilizo chini ya kiganja chako. Mzee alifanya hivyo katika kila shamba jipya, mbele ya mwenye shamba.

Kuhusu kununua: kombaini mpya inazidi dola 500,000, na mkulima wa sehemu moja anaihitaji siku kumi hivi kwa mwaka. Mashine hiyo hiyo ikitembea kutoka Texas hadi Montana inafanya kazi miezi mitatu, kisha vuli inaingia kwenye mahindi na soya. Kazi yenyewe ya kutembea ilikuwepo zamani, lakini iliyoipa nguvu ni vita. Mwaka 1944 chuma kilikuwa cha mgao, na kampuni ya Massey-Harris iliruhusiwa kutengeneza kombaini 500 za ziada, zinazotembea kwa injini yake bila kuvutwa na trekta, kwa sharti kwamba anayenunua avune angalau ekari 2,000. Wakaanzia kusini wakapanda kaskazini, na kwa msimu mmoja walivuna zaidi ya ekari milioni 1. Mzee wetu alikuwa akisema babu yake alijifunza njia ile kwa kuwafuata.

*Mvua ikinyesha mnafanya nini? — Mwanafunzi, Morogoro*

Siku ya kwanza tunalala. Siku ya pili tunafua, tunanyoa vijana nywele, wanaume wanabadilisha oili. Siku ya tatu hakuna anayezungumza, kwa sababu hakuna anayelipwa, na shamba la kaskazini linaiva bila sisi. Sampuli inapelekwa ghalani kwenye kopo. Unyevu ukizidi asilimia 13 na kitu, inarudishwa, tunasubiri tena.

Mvua ya mawe ni habari nyingine. Pale Sidney tuliegesha jioni kando ya shamba ambalo tungelianza asubuhi. Lilikuwa limejaa hadi kiunoni, la dhahabu. Mawe yalipiga dakika 15. Asubuhi mwenye shamba alikuja, akasimama karibu na mzee, wakatazama mabua yaliyovunjika na punje zilizotapakaa matopeni kana kwamba mtu amezipanda. Mimi sikujua la kufanya nikawapelekea chai. Walikunywa pale pale, wamesimama.

*Uliwapikia nini Wamarekani hao? Walikula chapati? — Msomaji, Nairobi*

Walizila hadi wakawa wananiuliza saa 4 asubuhi kama leo ni siku ya chapati.

Mwanzoni nilipika walivyozoea: nyama ya kusaga, viazi, mahindi, mikate ya dukani. Mikate ile shambani inakauka kabla hujaifungua, kwa upepo ule. Siku moja Colby mkate uliisha nami sikuwa na nafasi ya kwenda mjini. Nikakanda unga kilo 3, nikapiga chapati 36, nikakaanga nyama na vitunguu na hoho, nikaviringisha nyama ndani, kila moja kwenye karatasi ya foili. Zikashikika kwa mkono mmoja, usukani kwenye mkono mwingine.

Siri ya kuzifikisha zikiwa laini ni hii. Unga wa ngano ile ngumu nyekundu ya Kansas una nguvu, unataka maji ya moto mengi kuliko unavyodhani, na mapumziko ya saa nzima chini ya kitambaa. Ukishazikaanga usiziache zipoe wazi. Zipange moja juu ya moja, zifunge kwa taulo nene, zitie kwenye lile kasha la barafu lakini bila barafu, ufunike. Nilikuwa nazipika saa 9 alasiri na saa 2 usiku, jua likiwa bado halijatua huko kaskazini, zilikuwa bado zinatoa mvuke nikifunua. Mzee hakuwa akila mpaka kijana wa mwisho ameshuka kwenye mashine na kunawa. Kwa hiyo tenga zake mbili chini kabisa ya taulo, la sivyo atakuta foili tupu.